Mstari Ulioruka Mto

Jumatatu, 6 Oktoba

Mchana kutwa kazini nasema maneno ya watu wengine. Mgonjwa anamwambia daktari kwa Kiswahili kwamba tumbo linamkata, mimi nasema kwa Kiingereza. Hakimu anauliza, mimi nauliza. Nimefanya ukalimani hapa Durban miaka kumi na mmoja. Daftari hili nimelinunua ili maneno yangu mwenyewe yapate pa kukaa.

Leo kuna la kuandika. Nilipita ofisi ya diwani kumchukulia jirani yangu barua. Cathy, katibu wa ofisi, mzaliwa wa hapahapa Sydenham, alikuwa ametandaza ramani mezani. Ni rasimu ya mipaka mipya ya kata, kwa ajili ya uchaguzi ujao.

"Njoo uone mnakopelekwa, Atu," alisema.

Siku zote mpaka wa kata yetu umepita mtoni, nyuma ya jengo letu, Marigold Court. Kwenye rasimu mstari umeruka mto, umepanda mteremko na kutulia barabarani, mbele ya mlango wetu. Kila nyumba iliyo kati ya barabara na mto imepewa kata ya ng'ambo. Kata hiyo imepungukiwa wapiga kura, na sheria inataka kata zikaribiane kwa idadi.

"Jengo lenu lina watu wangapi?" aliuliza.

"Mia mbili na zaidi."

Akapekua karatasi. "Wapiga kura kumi na wanne. Eish."

Mimi ni mmoja wa hao kumi na wanne. Uraia niliupata kupitia marehemu mume wangu, aliyekuwa mwenyeji wa hapa. Majirani zangu karibu wote ni Wakongo wenye karatasi za ukimbizi. Hawapigi kura, na ramani hii huhesabu wapiga kura tu.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeipeleka habari kwenye ngazi, ambako habari zote za jengo hupokelewa. Immaculée alikuwa anafunga garderie yake ya kulelea watoto, ghorofa ya chini, watoto wawili wa mwisho bado wameshika sketi yake. Hakuuliza habari za kura wala za diwani.

"Barua nani atatusainia?"

Hapo ndipo penye shida. Mtu asiye na bili ya umeme wala mkataba wa pango kwa jina lake husemewa na barua ya makazi kutoka kwa diwani. Shule huitaka kabla ya kumwandikisha mtoto. Benki huitaka. Cathy hupiga muhuri bila kujali una karatasi gani, mradi akujue wewe au amjue anayekujua. Ofisi ya ng'ambo haiwapi wenye karatasi za ukimbizi. Hilo halijaandikwa popote. Unaambiwa uje wiki ijayo, ukienda unaambiwa tena wiki ijayo.

Papa Pacifique Bahizire, mwenyekiti wa kamati yetu ya wapangaji, alitukuta hapo akirudi kutoka Warwick Junction, ambako ana meza ya kutengeneza simu. Ni mtu wa maneno machache. Aliitazama ramani kwenye simu yangu, akaikuza kwa vidole mpaka mto ukajaa kioo kizima.

"Wanatutupa kule," alisema, akanirudishia simu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Binti yangu Coletha amerudi shuleni amebeba viatu mkononi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Foleni kwa Cathy imetoka nje ya geti. Jengo zima limekwenda kuomba barua. Aliniomba niwaeleze.

"Waambie barua inaishi miezi mitatu tu. Nikiwapa leo, uchaguzi utaikuta imeshakufa."

Nikawaeleza. Hakuna aliyetoka kwenye foleni.

Alhamisi, 16 Oktoba

Wakala anayenipa kazi amepiga simu. Tarehe 25 bodi ya mipaka inasikiliza maoni ya wakazi kwenye ukumbi wa shule, na wanataka mkalimani wa Kiswahili. Nikasema nipo. Baadaye wakanitumia fomu. Swali la nne: je, una maslahi yoyote katika shauri hili?

Nimeweka alama kwenye "Hapana". Nisingeikubali kazi hii, wangemleta mtu wa Johannesburg asiyejua Kiswahili cha Bukavu, na majirani zangu wangesikika kama wajinga. Nimejiambia hivyo mara kadhaa tangu mchana.

Jumatano, 22 Oktoba

Immaculée amekuja jikoni kwangu na kufunga mlango.

"Maman Coletha, ongea na Papa Pacifique. Asilete maneno ya Blaise pale."

Blaise alikuwa mdogo wake Pacifique. Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Machi, watu waliandamana kata ya ng'ambo wakifunga maduka ya wageni. Blaise alikuwa na kibanda cha kunyolea kule. Alikimbia, akajaribu kuvuka mto kuja nyumbani, na mto ulikuwa umejaa. Walimkuta siku mbili baadaye chini ya daraja. Hakuna aliyeshtakiwa. Polisi waliandika kwamba amekufa maji.

"Wale wa ng'ambo watakuwa pale," Immaculée alisema. "Mzee Shozi, mwenyekiti wa kamati yao, atakuwa pale. Papa Pacifique akianza kuwanyooshea kidole, sisi tutarudi nyumbani hapa na watoto. Yeye hana mutoto."

Nilimfuata Pacifique, nikamwomba anionyeshe atakachosema, nijiandae.

"Utaisikia pale," alijibu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimekaa na daftari hili saa nzima kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Mvua ilikuwa inapiga mabati ya ukumbi tangu asubuhi hata mwenyekiti wa kikao, mama mmoja mtulivu mwenye miwani, akawa analazimika kurudia maneno kwenye kipaza sauti. Mezani walikuwa watatu. Kila msemaji dakika tano, na tafsiri ndani yake. Wenye nyumba wa mtaa wetu walisema kwanza. Walilalamikia thamani za nyumba zao na kituo cha kupigia kura ambacho kitakuwa mbali. Nyuma ya ukumbi walisimama vijana wapatao ishirini kutoka ng'ambo, mikono wameikunja. Mzee Shozi alikaa safu ya tatu, kofia juu ya goti. Immaculée aliposimama kusema kuhusu watoto wa garderie, mmoja kule nyuma alisema kwa Kizulu, kwa sauti ya kutosha, kwamba hawa hata kura hawapigi, wanasikilizwa kwa nini. Mwenyekiti akamnyamazisha. Sikumtafsiria Immaculée maneno hayo. Hilo lilikuwa la kwanza.

Kisha akaitwa Pacifique. Alivaa koti lake la kanisani. Hakushika karatasi.

"Munasema mpaka," alianza. "Mpaka iko tayari. Ni ule mto. Miaka tatu imepita, mvua ilikuwa inanyesha kama leo. Ndugu yangu Blaise Bahizire alikuwa anatoka ng'ambo, watu wanamufukuza. Alifika kwa mto, akaona nyumba yake na macho yake. Dirisha ilikuwa inawaka taa. Akaingia ndani ya maji. Leo munatuambia tuende kuomba barua kule alikimbia."

Halafu akageuka, akamnyooshea Mzee Shozi kidole, na kusema kwamba yule alikuwa mbele ya wale watu, na aulizwe.

Ukumbi haukuelewa maneno lakini ulielewa kidole. Vijana wa nyuma walisogea hatua moja mbele, wote kwa pamoja. Niliiona ile hatua. Nilimwona Coletha, niliyemkataza kuja na akaja, amekaa karibu na mlango, kati yao na sisi. Mwenyekiti akanitazama juu ya miwani yake, akingoja.

Nikasema kwa Kiingereza: "Mkazi huyu anasema kwamba mto ndio mpaka wa asili. Mvua ikinyesha ni hatari kuvuka. Maisha yamewahi kupotea. Anaomba mpaka ubaki pale ulipokuwa."

"Na yule aliyemnyooshea kidole?" mwenyekiti aliuliza.

"Anasema watu wa pande zote wanaujua mto huo."

"Kuna lingine?"

"Hapana."

Akaandika. Wenzake wawili pia wakaandika, na mmoja akaomba aonyeshwe mto kwenye ramani. Vijana wakarudi ukutani. Tulipotoka Immaculée alinibana mkono na kuniambia nimetuokoa. Pacifique alikuwa ameshaondoka kwa miguu kwenye mvua.

Jumapili, 26 Oktoba

Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nilimkuta kwenye ngazi, amekaa, begi lake la vifaa kati ya miguu. Alikuwa ananingoja.

"Maman Coletha. Blaise kwa Kingereza ni nani?"

Nilisimama na mifuko ya sokoni mkononi.

"Mi sijui Kingereza mingi," alisema. "Lakini jina ni jina. Nilikuwa nasikiliza itoke kwa mdomo yako. Nikasikia *river*, nikasikia *rain*. Nikangoja. Jina haikutoka."

Nikamweleza. Nilimwambia habari za vijana, za ile hatua, za Coletha mlangoni. Nilimwambia kwamba sheria ya mipaka inatazama mto na barabara na idadi ya watu, kwamba kifo cha mtu hakina nafasi kwenye fomu zao, na kwamba kwa vile nilivyosema tuna nafasi ya kushinda. Vyote hivyo ni kweli.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka.

"Uko na kitambulisho," alisema. "Uko na kura. Sisi kule ndani tulikuwa na mdomo yako tu."

Ijumaa, 31 Oktoba

Amepita mbele yangu mara tatu wiki hii. Anasema bonjour, kama anavyowaambia watu wanaokuja kusoma mita ya umeme.

Jumatano, 5 Novemba

Mto umepanda. Mbao ambazo watu huvukia wakienda ng'ambo zimebebwa tangu jana jioni. Kutoka dirisha la jikoni naona maji ya kahawia, matawi, friji moja nyeupe imekwama kwenye mwanzi. Wakazi walio na simu nzuri wote wanapiga picha. Immaculée amekusanya picha kumi na tisa za kupeleka bodi. Mwisho wa maoni ya maandishi ni Ijumaa ya tarehe 14.

"Mungu anatusaidia," aliniambia.

Pacifique alisimama nyuma ya jengo kwa muda mrefu, bila mwavuli. Hakupiga picha.

Jumamosi, 8 Novemba

Saa nne asubuhi mlango uligongwa. Nilifungua nikamkuta Mzee Shozi, peke yake, maji yanadondoka kwenye kofia yake. Amezunguka kwa barabara kubwa, kilomita tatu. Nilimwambia Coletha aende chumbani. Nilibaki nimeshika kitasa.

Aliongea Kizulu, taratibu. "Mama, samahani kukusumbua. Yule bwana alininyooshea kidole. Nilitaka kujua alisema nini."

"Alizungumzia mto, Baba."

"Ndiyo, nilisikia Kiingereza chako." Alivua kofia. "Sentensi zake zilikuwa ndefu. Zako zilikuwa fupi."

Chini kwenye ngazi nilisikia mlango wa garderie ukifunguliwa. Immaculée alikuwa amemwona akiingia.

"Alisema jina la yule kijana," Shozi alisema. "Blaise. Alininyoa nywele miaka minne. Nalijua jina lake." Aligeuza kofia mkononi. "Siku ile nilikuwepo. Hajawahi kuja mtu kuniuliza, si polisi, si yeyote. Mwambie kaka yake, siku akitaka kuniuliza, aniulize."

Akavaa kofia, akashuka. Immaculée alipanda mbio kuuliza ametishia nini. Nilimwambia hakutishia.

"Basi alitaka nini?"

"Alipotea njia," nilisema.

Huu ni uongo wa tatu, na sasa siogopi tena vijana wa ng'ambo kama ninavyojiogopa mimi mwenyewe. Ujumbe nilipewa nimpelekee mtu. Kazi yangu ni hiyo tu duniani, na nimekaa nao.

Jumapili, 9 Novemba

Mvua. Nimekaa nao.

Jumanne, 11 Novemba

Nimemfuata Warwick, kwenye meza yake, asiweze kunipita kwenye ngazi. Alikuwa amefungua simu ya mteja, skrubu zimepangwa kwenye kifuniko cha soda. Nikamwambia yote kwa mpigo mmoja, nikiwa nimesimama, watu wakinisukuma na mizigo: kwamba Shozi alikuja, alichosema, kwamba nilikaa na maneno yake siku tatu. Kisha nikamwambia nataka kuandikia bodi kabla ya Ijumaa, niseme kwamba tafsiri yangu haikuwa kamili, na niweke maneno yake yote, na jina.

Hakuinua macho. "Wakiona hivyo watasema nini? Wakongo wanaleta matata?"

"Wanaweza kusema hivyo. Wanaweza kutupa na ule ushahidi wa mto pia, kwa sababu mkalimani alidanganya."

"Na kazi yako?"

"Kwenye fomu nilisema sina maslahi. Kazi itakwisha."

Alirudisha skrubu moja baada ya nyingine. Mteja akaja, akajaribu simu, akaondoka.

"Andika," alisema. "Lakini utanisomea mbele ya kutuma."

Jumatano, 12 Novemba

Immaculée amejua. Sijui nani amemwambia. Labda Pacifique mwenyewe. Alikuja na hasira ambayo sijawahi kuiona kwake miaka yote hii.

"Watoto makumi tatu na mbili wako chini pale. Wazazi yao wanataka barua. Wewe unataka moyo yako ikuwe mweupe. Moyo yako itanisainia barua?"

Nilisema kwamba maneno yalikuwa ya Pacifique, hayakuwa yangu ya kuyaacha.

"Blaise iko na Mungu," alisema. "Hahitaji diwani."

Aliondoka bila kufunga mlango. Coletha, aliyekuwa anafanya hesabu mezani, aliniuliza kama Mama Immaculée ana kosa. Nilimwambia sioni kosa lake. "Na wewe?" akauliza. Nikamwambia amalize hesabu.

Alhamisi, 13 Novemba

Pacifique amekuja na koti lake la kanisani, kama siku ya kikao. Nilimsomea barua nzima kwa Kiswahili, kisha nikamwonyesha Kiingereza chake mstari kwa mstari, kidole kwenye karatasi, ili aone jina lilipo. Limetokea mara nne.

Nilipofika mahali pa Shozi nilisoma: "Kisha nikasema kwamba yule bwana alikuwa mbele ya wale watu, na aulizwe."

"Hapana," Pacifique alisema.

"Hapana nini?"

"Sikusema mbele. Nilisema alikuwa pale. Yule alikuwa pale, aulizwe. Mbele umeiweka wewe."

Nilibisha. Nilileta daftari hili, nikamsomea nilivyoandika tarehe 25. Akatikisa kichwa.

"Mi sikumuona mbele. Sikuwa kule. Blaise alinipigia simu akikimbia, akasema mzee Shozi iko hapa, ninamuona. Basi simu ikakatika. Ni hiyo tu niko nayo. Kwa nini ningesema mbele?"

Nimelifikiria hilo jioni yote. Siku ile nilisikia mashtaka kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kusikia mashtaka. Immaculée alinijaza hofu jikoni kwangu, na mimi nikaingia ukumbini na hofu hiyo masikioni. Pacifique alikuwa ameomba tu mtu mmoja aulizwe swali.

Nimefuta "mbele ya wale watu". Nimeandika "alikuwa pale".

Ijumaa, 14 Novemba

Nimetuma kwa barua pepe saa tatu asubuhi, na nakala nimeipeleka kwa mkono ofisi ya diwani. Cathy aliisoma yote kabla ya kuipigia muhuri wa kupokelewa.

"Ungeniuliza mimi ningekwambia usitume," alisema. Kisha akaniandalia chai.

Jumatano, 19 Novemba

Wakala ameandika. Jina langu limeondolewa kwenye orodha yao. Kliniki bado wananihitaji siku mbili kwa wiki, kwa mkataba wao wenyewe.

Jumatatu, 24 Novemba

Mvua. Immaculée akinikuta kwenye bomba la nje huchota maji akiangalia ukutani. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu alinirudishia sufuria niliyomwazima mwaka jana, imeoshwa, ameiacha mlangoni bila kugonga.

Alhamisi, 27 Novemba

Gari jeupe limesimama ng'ambo ya barabara, wanaume wawili ndani. Kina mama wamewaingiza watoto wa garderie mapema.

Ijumaa, 28 Novemba

Gari limerudi. Safari hii wanaume walishuka, wakapita pembeni mwa jengo mpaka mtoni. Pacifique aliwafuata kwa mbali na mimi nikamfuata yeye. Mmoja alikuwa na buti ndefu na kijiti cha kupimia. Wakapima ukingo, wakapiga picha alama ya maji kwenye ukuta wetu wa nyuma, wakaandika. Nilipowauliza wametumwa na nani walisema bodi.

Mmoja, kijana wa Kihindi mwenye adabu, aliuliza kama ni hapa ndipo yule mtu alipoingia majini. Nikamtafsiria Pacifique.

Pacifique alisogea mita kama nane kushoto, akasimama.

"Hapa," alisema.

Jumatano, 3 Desemba

Hakuna habari.

Jumanne, 9 Desemba

Cathy alipiga simu nikiwa kliniki, katikati ya mgonjwa. Nilimpigia nje, chini ya kibaraza.

Mstari umerudi mtoni. Kata ya ng'ambo imepewa mitaa miwili ya upande wa kaskazini badala yetu. Sababu zimeandikwa kwa sentensi moja: mto hufurika, na unawatenga wakazi na huduma za kata. Nyuma kuna orodha ya maoni yaliyopokelewa. Picha za Immaculée ni namba hamsini na nane. Namba sitini na moja ni barua yetu, na Cathy alinisomea kichwa chake polepole: marekebisho ya maelezo ya Bwana P. Bahizire kuhusu kifo cha ndugu yake Blaise Bahizire.

Sijui kama ni barua iliyosaidia, au picha, au wenye nyumba na thamani za nyumba zao. Hakuna atakayejua. Huenda mstari ungerudi hata kama ningenyamaza.

Jengo limepika. Harufu ya vitunguu kutoka kila ghorofa, muziki kutoka mbili. Saa kumi na moja Immaculée alibisha hodi akiwa na bakuli la beignets, maandazi ya kwao, limefunikwa kwa kitambaa.

"Ya Coletha," alisema.

Lakini alikaa. Alikula tatu yeye mwenyewe, akanieleza kirefu habari za mtoto mmoja wa garderie anayeuma wenzake.

Ijumaa, 12 Desemba

Pacifique kwenye ngazi. "Kesho uko na kazi?"

"Sina."

"Nataka kwenda ng'ambo. Kizulu yangu ni ya sokoni."

Nilimkumbusha kwamba mimi ndiye niliyeharibu mara ya kwanza. Alisema analijua hilo, na kwamba ndiyo sababu.

Jumamosi, 13 Desemba

Tulizunguka kwa barabara kubwa. Jua lilikuwa kali, la kwanza baada ya siku nyingi, na lami ilikuwa inatoa mvuke. Kwenye robot, taa za barabarani, Pacifique aliniuliza kama Shozi huitwa Baba au Bwana. Nikamwambia Baba.

Nyumba yake iko mwisho wa mtaa unaoshuka mtoni. Ina ukuta, na geti la chuma la kijani. Alitutolea viti vitatu vya plastiki uani, akaleta maji kwenye glasi, akakaa kofia gotini. Mkewe alichungulia dirishani, akafunga pazia.

Pacifique alimtazama yeye na si mimi. "Baba Shozi. Mi naitwa Pacifique. Blaise Bahizire alikuwa ndugu yangu mudogo, mama moja, baba moja. Siku alikufa alinipigia simu akasema anakuona. Nataka kujua aliona nini, na wewe uliona nini. Sikuja na matata."

Nilisema yote kwa Kizulu. Blaise Bahizire, mama mmoja, baba mmoja, matata, vyote. Sentensi zangu zilikuwa na urefu uleule wa zake.

Shozi alipoanza kusema hakuzitazama nyuso zetu, alilitazama geti.

Kuna kanuni katika kazi yetu ambayo huwashangaza watu. Mkalimani hasemi "anasema kwamba yeye". Husema "mimi", mahali pa yule anayesema, liwe jema au baya. Nimesema "mimi nimeiba" mahakamani na "mimi ni mjamzito" kliniki, na halijanigusa. Leo nilisikiliza Kizulu chake mpaka mwisho, nikaweka glasi chini, nikamgeukia Pacifique.

"Nilikuwa hapa uani," nilisema. "Nilisikia makelele yakishuka mtaani. Akaja kwenye geti langu, akagonga. Aliniita kwa jina. Niliona uso wake kwenye ule upenyo pale. Nyuma yake walikuwa kama thelathini, na watoto wangu walikuwa ndani. Alikuwa na simu sikioni. Aligonga tena. Sikufungua."

Pacifique aliuliza, "Mara ngapi aligonga?"

Nikauliza. Shozi akajibu, na sauti yake ikakatika katikati, akaanza upya.

"Mara tatu," nilisema. "Kisha akakimbilia mtoni. Sikufungua."

Pacifique aliinuka. Alikwenda kwenye geti, akaweka kiganja juu ya chuma, akakaa hivyo. Shozi naye alikuwa amesimama, kofia imeanguka chini, hakuiokota. Hakuna aliyenipa neno la kutafsiri.

Baadaye Pacifique alirudi, akakaa kwenye kiti chake cha plastiki.

"Muulize kama Blaise alikuwa ananyoa vizuri," alisema.

Nikauliza.